Visanduku Saba

Noonkopir, Kitengela
9 Februari 2025

Papa,

Nakuinamishia kichwa kutoka huku mbali, kama ulivyonifunza kumsalimu mzee. Ukitaka kiguse, ukitaka kiache, lakini nimeinama.

U hali gani? Masikio yanasemaje? Kivuva wa pikapu ya maziwa ananiambia simu umeifungia kabatini kwa sababu husikii ndani yake ila mlio wa nyuki. Ndiyo maana naandika. Amekubali kuwa posta yetu, kwa vile hupita Mashuuru kila wiki. Mimi ni mzima, kifua tu kinasumbua kidogo kwa hili vumbi la simiti. Mbuzi wako aje? Yule mweupe mwenye sikio moja bado anaiba unga?

Nimenunua kompyuta, Papa. Imetumika na wengine kabla yangu, lakini inafanya kazi, na nimeiweka juu ya ile meza ya kushonea ya mama, yieyo wangu. Siku za wiki mimi bado ni karani wa shule. Jumamosi nawatengenezea majirani kadi za harusi na programu za mazishi, na kazi hiyo imeniletea ugonjwa wa fonti. Wewe ungesema miandiko. Fonti ni mwandiko mzima, A mpaka Z, kubwa na ndogo, umefungwa ndani ya faili moja. Unaupakua kwenye mtandao, unaufungua, unabonyeza, na kompyuta inajua kuandika kwa mkono mwingine. Niko nazo mia sita na kitu. Jackie jirani yangu anasema nimepagawa.

Sasa sitazunguka. Siku ya kumzika yieyo nilitundika bango langoni lenye jina lake. Ulilishusha mwenyewe mbele ya watu ukalikunja kama ngozi. Ulisema mtu akitutoka jina lake huzikwa pamoja naye, na mimi nimelifukua hata udongo haujakauka. Nami nikakujibu kwamba umeandika kwa rangi ukutani jina la kila bucha ya Kajiado kwa miaka thelathini, lakini la mke wako hukuliandika hata mara moja. Tangu siku hiyo hujaniita, na miaka miwili na nusu imepita.

Kwa neno hilo nililokujibu naomba msamaha. Kwa bango siombi. Jina lake ni zuri, na nikiliona nahisi kama ameingia mlangoni na kikapu chake. Nimeliandika hapa chini kwa fonti nzuri kuliko zote nilizonazo, iliyojipinda kama ushanga. Liangalie ukiwa peke yako, kisha uniambie kama kweli ni tusi.

□□□□□□□

Ni hayo tu. Sina printa, kwa hivyo Jackie ataichapisha barua hii dukani kwake, aitie bahasha na kumpa Kivuva. Saa hiyo mimi nitakuwa kanisani.

Binti yako,
Kakenya


Mashuuru
2 Machi 2025

Kakenya,

Takwenya. Ukifika hapa uitikie kwa sauti, hata kama mimi sitasikia.

Nimekigusa kichwa chako. Nilikuwa nimekaa barazani nikanyoosha mkono hivi, mbele yangu hakuna mtu, na mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na punda akaniangalia sana. Mimi ni mzima. Masikio yamefunga duka, lakini nimeanza kuzoea. Dunia imekuwa picha. Ng'ombe anafungua mdomo na hakuna kinachotoka, mvua inaanguka kwenye mabati kama unga, polepole, bila fujo. Mbuzi wa sikio moja yuko na bado ni mwizi. Usicheke mwandiko wangu. Mkono wa kulia umeanza kutetemeka, ila asubuhi baada ya chai hutulia kidogo, na ndipo naandika.

Barua yako niliipokea nikiwa na hasira tayari, kabla ya kuifungua. Niliposoma kwamba umeliandika jina nikafumba macho. Nilipoyafumbua nikaona visanduku saba. Nimevihesabu mara tatu. Ni saba, sawasawa na herufi zake kama alivyoziandika yeye mwenyewe.

Hukuliandika, binti yangu. Ulinitisha kwa maneno, kisha ukachimba vishimo saba vidogo ukalaza kila herufi ndani ya chake ukaifunika. Jina lipo, halipo. Nani amekufundisha adabu kama hiyo? Wazee wenzangu wote wa hapa hakuna ambaye angeifikiria. Nilikaa na hiyo karatasi mapajani mpaka mbuzi wakarudi wenyewe.

Mchana huo nikasinzia nikaota. Herufi zote nilizowahi kuchora zilikuwa zinashuka kutoka kwenye kuta za Kajiado zinakuja kunywa maji bwawani, zingine bado zimebeba rangi mbichi. Nikawa nazihesabu kama mtu anavyohesabu mifugo jioni. Moja ilikosekana, lakini katika ndoto sikuwa na wasiwasi.

Basi yamekwisha. Leo asubuhi niliitafuta ile hasira, sikuipata. Niandikie tena.

Papa yako


Noonkopir, Kitengela
16 Machi 2025

Papa,

Iko. Nimeitikia kwa sauti, mpaka Jackie akaniuliza ng'ambo ya ukuta naongea na nani.

Nimeinama tena, na safari hii bila wasiwasi. Natumai chai ya asubuhi bado inautuliza mkono. Kifua changu kimepona tangu mvua ya kwanza ilipolaza vumbi. Leo asubuhi ukungu ulishuka mpaka hatukuona barabara ya Namanga, ikawa kama malori yanapita ndani ya maziwa.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Kuhusu vile visanduku sina la kusema, Papa. Umefurahi, nami nimefurahi kwamba umefurahi.

Acha nikuchekeshe na kompyuta. Ilianza kuzubaa. Nikiiwasha asubuhi, napika chai, nakunywa, naosha kikombe, yeye bado anafikiria. Nikaambiwa ni fonti. Kila ikiamka inazisoma zote, na mimi nilikuwa nimeijaza kama ghala. Nikakaa kuzichambua. Zingine nilikuwa nimeziweka mara mbili tatu. Zingine niliziweka kwa sababu ya herufi moja nzuri na sikuzitumia tena. Nikawa nafuta tu, na kwa ukali wangu nikafuta moja ambayo si yangu, ya kompyuta yenyewe. Maneno ya kwenye menyu yakageuka mikasi na simu na nyota. Nilitumia siku nzima kuirudisha. Sasa zimebaki arobaini, na inaamka kabla maji hayajachemka.

Katika hizo arobaini nikatafuta moja inayofanana na mwandiko wako wa ukutani, wala hakuna. Kuna zinazojifanya zimechorwa kwa brashi, lakini zinarudia. Kila A ina mchirizi uleule mahali palepale. Halafu nikasoma kwamba mtu anaweza kutengeneza fonti yake mwenyewe. Unachora herufi kwenye karatasi, zinapigwa picha kwa skana, programu inazigeuza kuwa faili.

Papa, nitumie herufi zako, kubwa na ndogo. Kuta zako nyingi Kajiado zimepakwa rangi upya, zingine zimefunikwa na mabango ya plastiki. Zikiisha zote nitamwonyesha nani kazi yako, na nitamwonyesha nini?

Binti yako,
Kakenya


Mashuuru
27 Aprili 2025

Kakenya,

Takwenya. Kichwa chako nimekigusa, kina nywele nyingi siku hizi?

Hapa mvua imeshuka kweli. Nyasi zimetoka hata kwenye paa la choo. Asubuhi mbili hivi mawingu yalifunguka nikauona mlima, umekaa mbali bila miguu. Mkono ni uleule. Nikishaamka niko na kama nusu saa nzuri, halafu unaanza safari zake. Kwa hiyo nachora herufi moja kwa siku, siku zingine hakuna.

Kwanza nilikataa ombi lako. Nilijiambia, wenye plastiki walinimaliza, na sasa mtoto wangu anataka kunitia kwenye plastiki nyingine. Halafu nikavitazama vile visanduku saba. Nimevibandika ukutani juu ya kitanda. Nikaona kwamba mtu aliyeweza kulitunza jina namna hiyo, hata herufi zangu atazitunza. Ndiyo sababu mkono umekubali, ujue hivyo.

Nakutumia A mpaka H, kila moja na ndogo yake, kwenye katoni ya sabuni. Karatasi siipendi, inakunywa wino. A ni ya mabati. Nimeipanua miguu kwa sababu mabati yana mawimbi, na A nyembamba hupotelea bondeni. B ni ya bucha, hiyo naichora hata nikiwa usingizini. C sijawahi kuipenda, inaonekana kama inataka kuomba kitu. D ni ya duka la Dirie pale Kajiado. Alisimama nyuma yangu asubuhi nzima akiniambia niiongezee tumbo, mteja akiiona ajue ndani kuna mchele. E na F ni dada, nimechoka nazo. G nimeirudia mara nne. H ni ya hoteli, na kiuno chake kiko juu kidogo. Mwenye kiuno katikati huonekana amechoka, na nani ataingia kula kwenye hoteli iliyochoka?

Zingine zitakuja. Usiharakishe mzee.

Papa yako


Noonkopir, Kitengela
4 Mei 2025

Papa,

Nimeinama, na leo sijui kama nitathubutu kuinua uso.

Herufi zimefika salama. Nimezipanga juu ya meza ya yieyo na kila nikipita nazigusa. H yako nimeitazama mpaka machozi yakanitoka. Kisha nikakumbuka ulichoandika, kwamba mkono wako umekubali kwa sababu ya vile visanduku saba, na kwamba umevibandika ukutani. Siwezi kuendelea hivi.

Papa, vile visanduku si adabu yangu. Ni makosa ya kompyuta. Niliandika jina zima, herufi zote saba, kwa ukaidi wangu wote, nikitaka ulione likutazame usoni. Lakini ile fonti nzuri ya mapambo huficha herufi zake kwenye namba zake yenyewe, ambazo fonti nyingine hazina, nayo ilikuwa kwenye kompyuta yangu tu. Sikuifunga ndani ya faili, na ya Jackie haikuwa nayo. Kompyuta ikikutana na herufi ambazo haina mwandiko wake, inachora kisanduku kitupu kushikilia nafasi. Jackie hakujua kilichotakiwa kuwa pale. Yeye alichapisha tu, akafunga bahasha.

Nilijua tangu barua yako ya Machi. Ningekuambia siku ileile, lakini ulikuwa umekigusa kichwa changu baada ya miaka miwili na nusu, na sikuweza kuurudisha mkono wako. Niliogopa, Papa. Hiyo ndiyo kweli yote.

Ukitaka herufi zako nizirudishe, nitazirudisha kwa mkono wangu mwenyewe. Sijazitia kwenye skana bado.

Binti yako,
Kakenya


Noonkopir, Kitengela
29 Juni 2025

Papa,

Nimeinama.

Wiki nane zimepita. Kivuva anaapa alikukabidhi barua mkononi. Anasema uliisoma ukiwa umesimama, ukaikunja, ukaenda kuwanywesha mbuzi. Kila akirudi namwuliza, naye anatikisa kichwa kabla hata sijafungua mdomo. Amesema unakohoa. Baridi ya huko mwezi huu naijua. Nimekutumia blanketi kwa pikapu yake, lile la kijivu, nalo halihitaji jibu.

Herufi zako nane bado ziko juu ya meza. Nimezifunika kwa leso ya yieyo zisipate vumbi.

Kakenya wako


Mashuuru
3 Agosti 2025

Kakenya,

Takwenya.

Blanketi nimelipata, ashe oleng. Kikohozi kimeondoka, kimeniachia udhaifu wa magoti tu. Mbuzi wa sikio moja amezaa mapacha.

Nilikasirika, sitakudanganya. Niliitoa ile karatasi ukutani. Siku ya tatu nikairudisha, kwa sababu pale ilipokuwa palibaki alama nyeupe na alama ile ilinisumbua kuliko karatasi. Nikawa nalala chini yake nikiwaza, na mwisho nikacheka peke yangu. Kumbe kompyuta ina adabu kuliko wewe.

Sasa nisikilize. Uliniambia siku ile kwamba jina lake sikuliandika hata mara moja. Sikukujibu, na umebeba neno hilo kama ni kweli. Acha nikujibu.

Mwaka wa sabini na sita nilikuwa kijana wa mifugo, A siijui, B siijui. Mama yako, ng'oto kwa lugha yetu ya Maa, alikuwa amesoma mpaka darasa la tano. Tulikutana bwawani, yeye na mtungi, mimi na ng'ombe wa baba yangu. Akaokota kijiti akaandika jina lake kwenye vumbi. Nikaona katikati yake kuna n iliyoota mkia. Nikamwuliza hii nayo ni nini. Akasema hiyo ni sauti ya puani, ile ya mwanzo wa ng'ombe. Kwa Kiswahili wanaiandika kwa n na g na alama juu, lakini mwalimu wake alimfunza kuiandika kwa Maa kwa herufi moja tu: ŋ. Nikachukua kijiti nikaijaribu. Ikatoka imegeuka nyuma. Alicheka mpaka mtungi ukamwagika, ikabidi ateke upya.

Kwa hiyo hiyo ndiyo herufi ya kwanza niliyoandika maishani mwangu. Msimu ule wote nililiandika jina lake, Kakenya. Ng'ombe walilikanyaga, nikaliandika tena. Upepo ulilichukua, nikaliandika tena. Zingine zote alinifundisha yeye, na kile kiuno cha H kilicho juu ni chake. Watu wa Kajiado walisoma mwandiko wake kwa miaka thelathini, mimi nilitia rangi tu.

Ndiyo maana ulipotundika lile bango nilikasirika kwa mambo mawili nikakuambia moja. La kwanza ni mila yetu, hiyo unaijua. La pili ni kwamba jina lake lilikuwa limesimama langoni kwa mwandiko wa mtu nisiyemjua.

Umeniambia ukweli ambao hukulazimika kuniambia. Ungekaa kimya ningekufa na vishimo vyangu saba nikiwa na raha. Nimefikiria hilo pia. Basi kichwa chako nimekigusa, na safari hii ni chako, si cha visanduku.

Nakutumia I mpaka Z. Mstari wa S umetetemeka, ulikuwa na upepo. Q na X nimejitungia, kwa maana hakuna mtu wa Kajiado aliyewahi kuniomba. ŋ haimo. Usidhani nimesahau.

Papa yako


Noonkopir, Kitengela
14 Septemba 2025

Papa,

Iko, iko, iko. Nimeinama mpaka paji limegusa meza ya yieyo.

Magoti yana nguvu sasa? Mapacha wa mbuzi wamepewa majina? Mimi ni mzima kabisa. Tangu barua yako natembea nikiwa mwepesi, hata shuleni wameuliza kuna nini.

Fungua macho uone barua hii imeandikwa kwa mwandiko gani.

Jackie alizitia zote kwenye skana, moja moja, akizishika kwa ncha za vidole kama mayai. Mimi nikakaa nazo nyumbani wiki tano. Programu inakupa uwanja mdogo kwa kila herufi, na kazi kubwa si herufi yenyewe, ni nafasi kati yake na jirani. A yako ya miguu mipana inamkanyaga kila anayekaa naye. Ilipendekeza pia inyooshe pale palipotetemeka. Nikakataa kila mahali.

Mwisho iliniuliza jina la fonti. Nilifikiria lako, nikafikiria la mwalimu wako, nikakumbuka mlikoanzia. Nimeiita Vumbi. Nikabonyeza faili, likafunguka dirisha likionyesha herufi zako zote kwa mstari, kubwa na ndogo. Nikabonyeza kuiweka. Nikafunga kila kitu nikafungua upya, kwa maana kompyuta haioni mgeni mpaka iamke tena. Nikashuka chini kabisa ya orodha na hapo ilikuwa imekaa, Vumbi, ikinisubiri. Na nimejifunza. Safari hii fonti nimeifunga ndani ya faili lenyewe, kwa Jackie itatoka ilivyo.

Halafu nikaandika jina la yieyo. Ni kwangu tu, kwenye kioo, sikulichapisha. Zikatokea herufi sita kwa mwandiko wake na katikati kisanduku kimoja.

Papa, ningeweza kukijaza. Ningechukua n yako, nikate mkia wa j yako, niviunganishe, na hakuna mtu angejua isipokuwa wewe. Ni kazi ya dakika tano. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Sikufanya. Ile si herufi yangu kuichora, na sitakuomba. Vile visanduku saba vya kwanza vilikuwa makosa, lakini hiki kimoja nimekiacha mwenyewe kwa kujua.

Binti yako,
Kakenya


Mashuuru
7 Desemba 2025

Kakenya,

Takwenya.

Niko. Barua hii fupi imenichukua asubuhi nne, kwa hiyo usitafute maneno mengi. Mvua ni nzuri. Mapacha hawana majina bado.

Barua yako niliisoma nikadhani nimejiandikia mwenyewe nikasahau. Nikaisoma mara ya pili, na katikati nikaona H, kiuno chake juu, nikajua si mimi. Alikuwa yeye, ananiuliza kuhusu magoti yangu. Nimekaa naye hapa barazani tangu mwezi wa tisa, Kakenya. Ndiyo maana sikujibu, sikuwa mpweke.

Jina lake sitalitamka. Mdomo umekatazwa, na mimi ni mzee wa kushika hayo. Lakini macho hakuna aliyeyakataza. Liandike zima, kwa Vumbi. Usimpe Kivuva. Ulilete mwenyewe, na hicho kichwa chako ukilete hapa nikiguse kwa mkono.

Herufi iko kwenye kipande cha katoni ndani ya bahasha hii. Nimeichora hapa chini pia, isije ikapotea njiani. Mkono ulitetemeka kwenye mkia. Usiunyooshe.

ŋ

Papa yako